Mbwa Wao Anakalia Kiti

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama, na kwamba ule mguu haukusumbui tena wakati wa mvua. Je, shamba la mihogo limepona tangu waasi walipopita? Mimi huku Ubelgiji ni mzima, ila baridi haina adabu: nalala na soksi, koti na kofia. Najua ndugu yangu Paluku ndiye anayekusomea. Basi asome polepole, asiruke neno.

Mambo ya Bulaya yatakuchekesha. Watu wanapishana njiani bila hata kusema jambo. Jumamosi mwanamke wa kizungu anapiga magoti kuosha ngazi za mlango wake mwenyewe, wala hana boyi wa kumfanyia kazi. Mara ya kwanza nilisimama kumtazama mpaka akanifukuza. Lakini kutafuta chumba si kuchekesha. Wakiona uso wangu tu, chumba kimeshachukuliwa.

Mwezi uliopita mzee mmoja wa kizungu alifungua mlango, akanitazama, akasema, "Jambo, mutoto. Unatoka wapi?" Baba, kusikia lugha yetu mbali hivi, moyo ulifurahi. Nikamwambia, "Natoka Beni, monsieur." Akanivuta ndani kama ndugu. Ukutani palikuwa na picha ya baraza: yeye bado kijana, ameketi, na nyuma yake mtu amesimama na sinia. Mtu huyo ni wewe. Mzee huyo ndiye yule bwana wa kahawa wa Mutwanga, aliyekimbilia Uganda siku za uhuru.

Tukiwa wadogo, mimi na Paluku tulisimamishwa uani kwake tutazame ukichapwa fimbo, kwa sababu ulikalia kiti cha baraza hiyo ili utoe funza mguuni. Tangu siku ile hujakalia kiti. Nyumbani unakaa juu ya kigogo, kanisani unasimama nyuma. Yeye hakumbuki chochote. Shoka husahau, mti hausahau. Na kando ya moto wake, kwenye kiti kikubwa chenye mto, unajua nani alikuwa ameketi? Mbwa. Mke wake alikuwa anampangusa mdomo.

Mzee akaniuliza, "Mupishi yangu, Muhindo, unamujua? Iko muzima? Ile mutu ilinipenda sana."

Nilimjibu kwa Kifaransa kwamba namjua, ni mzima. Sikusema ni baba yangu.

"Donc, basi, waasi wamekwisha," akasema. "Mimi narudia Mutwanga, naanza tena kahawa. Muhindo atanipikia."

Nikamwambia utampokea.

Chumba alinipa, nami nimekichukua. Kila Jumapili ananibembeleza tuongee Kiswahili. "Sema kidogo, mutoto. Sema mambo ya kwetu." Anapaita kwetu. Namjibu Kifaransa tupu, naye ananywea, nami nafurahi. Sina huruma naye, baba, na jambo hili sitaliungama kwa padre yeyote.

Mnisalimie mama, mwambieni soksi zake ndizo zinazoniponya. Mnisalimie dada Kahindo na shangazi wa Luofu, na padre aliyenitafutia shule hii, ila yeye msimsomee barua yote.

Sasa jambo lenyewe. Mzee anasema atafika huko mvua zikiisha, na mlango wa kwanza atakaobisha ni wako. Kwetu mgeni hupewa kiti kwanza, mwenye nyumba akakaa popote. Najua utataka kufanya hivyo, maana una heshima kutushinda sote. Safari hii nakuomba usifanye. Mama ampikie ndizi na sombe ya majani ya mihogo yetu, ale ashibe, lakini ale amesimama. Akishiba ndipo umwambie mimi Kambale niliyelala nyumbani kwake ni mtoto wa nani.

Nawe Paluku, wewe ni seremala. Tafuta mbao nzuri, tengeneza kiti chenye mgongo na mikono, ukiweke barazani. Kimoja, si viwili. Baba aanze kukizoea sasa.

Mwanao niliyetazama siku ile,
Kambale