Mpira wa Petroli Siku ya Arusi

Baraka, mjukuu wangu,

Nakusalimu kutoka Ndosho. Sisi ni wazima. Dada yako amejifungua binti, na babu yako hataki mtu mwingine ambebe.

Unauliza kwa nini pikipiki yako inazimika tangu ulipobadilisha mdomo wa shaba wa kabureta pamoja na mpira unaopitisha petroli. Babu yako amecheka sana. Naye alibadilisha vyote hivyo kwenye pikipiki yake asubuhi ya arusi yetu, na kwa kuogopa mawe ya volkano yasiukate mpira, akaupandisha juu, ukapinda kama nundu ya ng'ombe.

Tukielekea kanisani, pikipiki ilituzimikia kabla ya kufika mtaa wa Majengo. Ndugu zangu wa Masisi walikuwa wakitungoja huko, na iliwabidi waondoke kabla wanajeshi hawajafunga njia ya kurudi kwao. Bila wao, nani angeniimbia?

"Mama, shuka tu, bwana ameshindwa!" muuza ndizi alinitania.

"Hajashindwa! Petroli ndiyo inakataa kupanda!" nikajibu kwa hasira tu.

Babu yako aliposikia neno "kupanda", akautazama mpira, akaanza kucheka. Miaka ile ya kukimbia vita tulizoea kuficha kila kitu juu, lakini petroli inataka kuteremka. Niliushika mpira kwa glavu zangu nyeupe, naye akaufunga uteremke moja kwa moja kutoka tangi hadi kabureta, mbali na joto la injini. Fanya hivyo hivyo.

Tuliwakuta ndugu zangu kanisani wakiimba bado. Padri alinusa petroli mikononi mwetu.

"Mekanisie aliyetengeneza pikipiki ni nani hapa?"

Tukajibu pamoja: "Ni sisi bote, Padri!"

Nyanya yako akupendaye