Kaka Yako Amebatizwa

Ipole, Sikonge,
Tabora.
9 Juni 2025

Mpendwa Baba Mdogo Masolwa,

Shikamoo. Habari za Mtwara? Lile goti limepoa? Na Mama Mdogo Yunisi bado anauza vitumbua? Sisi huku ni wazima. Asali mwaka huu ni nyingi, na mguu wa Mama aliouvunja Januari umeunga. Sasa anatembea bila fimbo.

Keti kwanza, maana nina habari. Jana, Jumapili ya Pentekoste, kaka yako alibatizwa.

Najua hukutarajia. Kwa miaka arobaini na moja Baba alikuwa akimsindikiza Mama kanisani, kisha anamngoja nje na baiskeli yake. Kwake Yesu alikuwa mwalimu mwema, basi. Mungu, alikuwa akisema, hachoki wala haombi mtu maji ya kunywa kama alivyofanya Yesu.

Mguu wa Mama ndio ulioanza mambo. Alikaa kitandani miezi mitatu, na kwa kuwa macho yake hayaoni tena maandishi madogo, ilibidi Baba amsomee Injili kila asubuhi. Alisoma huku akibisha kila mstari, Mama akimcheka. Hadi alipofika kwenye kifo cha Lazaro. Akasoma kwamba Yesu alilia. Akafunga kitabu, akaenda zake kwenye mizinga yake ya nyuki.

Siku tatu hakulitaja jambo hilo. Ya nne, mimi nikiwa hapohapo namenya viazi, akamwambia Mama:

“Alijua kabisa kwamba muda si mrefu atamwita yule maiti naye atatoka kaburini. Mwenye uwezo huo analia nini? Na mtu wa kulia namna ile, uwezo huo kaupata wapi? Mimi naona ni Mungu, na ametulilia kwa macho kama haya yetu.”

Mama alimshika mkono tu.

Lililobaki lilikuwa kumwambia Mzee Abdulatifu, yule mnunuzi wa asali wa Tabora mjini, rafiki yake tangu ujana. Baba aliogopa kumpoteza, lakini alikwenda. Mzee Abdulatifu hakumficha: kwao Nabii Isa ni mtume mtukufu, ila kumwita Mungu hawawezi, na hapo hawatakubaliana. Kisha akauliza, “Siku yenyewe ni lini, nijue kuleta mchele?” Jana akaja kweli na mkewe Hafsa, tukala pilau pamoja.

Mchungaji alipomwuliza Baba anamkiri Yesu kuwa nani, alijibu vizuri kama alivyofundishwa: Mwana wa Mungu. Halafu akaongeza la kwake: “Naye hakuona aibu kulia mbele ya watu.” Vigelegele vilivyofuata, Baba Mdogo, nadhani mlivisikia huko.

Binti yako Paskazia na watoto wake uwape salamu zangu, na Mama Mdogo pia. Wazee wanakusalimu sana. Mungu akulinde, akupe nguvu za kuja kutuona.

Nisisahau: jina alilochagua ni Lazaro. Leo mchana Mama alisimama mlangoni mwa jiko akaita, “Lazaro, njoo.” Baba hakugeuka, akidhani anaitwa mgeni. Mama akaita tena, na tena. Mara ya tatu ndipo alipoinuka akaja, akicheka kuliko sisi sote.

Wako akupendaye,
Mwanao Recheli