Picha Niliyoibandua Ukutani

Port Bell, Kampala
Mei 1977

Kwako Mama Oduor,

Pokea salamu zangu mimi Adyero. Natumaini Kisumu imekupokea vizuri, na mgongo wako umepata nafuu, na watoto wa Oduor wanakula na kushiba. Mimi ni mzima. Magoti yanalalamika, lakini magoti yangu hayajawahi kuwa na shukrani. Anayeandika ni Zubaida, fundi cherehani wa kota ya pili, unamfahamu. Mimi nasema, yeye anaandika, na nimemkataza kupamba. Barua ataileta mwenyewe mkononi, kwa sababu posta siku hizi ina macho.

Barua yako nilisomewa Jumapili. Unauliza kwa nini Oduor hajakuandikia tangu mwezi wa pili. Unasema ulipoondoka na Wakenya wenzako mwaka jana uliniachia mimi niwe mama yake hapa, kwa hiyo nikujibu. Nitakujibu. Lakini jambo lenyewe lilipitia kwenye picha, na picha hizo hukuziona, basi nivumilie nianzie huko.

Mjukuu wangu Ocen, unajua alikuwa chuoni akisomea uchoraji. Nilimwambia wazi kwamba mjukuu wa polisi kama babu yake kusomea kupaka rangi ni kama ng'ombe kusomea kupanda mti. Hakukasirika. Kila Jumamosi alikuja na makaratasi, akayabandika ukutani kwa uji wa unga, akanifundisha mimi nisiyejua hata herufi a. Alinieleza kwamba zamani Wazungu walichora kitu kama kilivyo, sawa na kioo, mpaka ikaja kamera. Hapo wachoraji wakaulizana sasa sisi kazi yetu nini. Kila kundi likajibu lake, na kila kundi lina jina refu kama la ugonjwa, nimeyasahau.

Wa kwanza walitoka nje kukimbiza mwanga kabla jua halijahama. Ocen alinichorea bandari ya asubuhi kwa namna yao. Nikiwa karibu naona madoa tu, kama kuku amekanyaga rangi. Nikirudi nyuma mpaka mlangoni, loo, maji! Wakaja wenye rangi kali, wanaompaka mtu uso wa kijani kwa sababu ndivyo roho inavyomwona. Nikamuuliza kama mtu huyo ana nyongo. Kuna wanaochora ndoto, samaki amevaa viatu na hakuna anayeshangaa. Kuna wasiochora kitu chochote, rangi peke yake, wanasema inatosha. Hao nilibishana nao siku nzima.

Na kuna wavunjaji. Hawa wanamvunja mtu vipande, wanakuonyesha mbele na ubavu na kisogo kwa mara moja, kama vile umemzunguka. Ocen alisema walijifunza kwa vinyago vilivyochukuliwa kwetu Afrika. Nikasema basi wavirudishe, wameshajifunza.

Oduor alikuwa akija kunywa chai akitoka kupakia mabehewa. Jumamosi moja Ocen akamkalisha kwenye kigoda, akamchora kwa namna ya wavunjaji. Pua inatazama Jinja, mdomo unatazama ziwa, sikio moja liko mahali pa shavu. Oduor alisema akiipeleka sokoni Kikuubo wasichana wote watakimbia. Mimi nilisema ni chungu kilichoanguka. Tulicheka sana, Mama Oduor. Ikakaa ukutani.

Mwezi wa pili askari wa serikali wakaanza kuchukua watu wetu, Waacholi na Walango. Ocen akaondoka. Siku ya tatu wakaja askari watatu, mchana, nikiwa nachagua maharagwe. Walitaka picha yake ya kuonyesha kwenye vizuizi vya barabarani. Ile ya studio nilikuwa nimeificha kifuani. Nikawaonyesha ukuta, nikawaambia picha ndizo hizo. Mkubwa wao akafoka kwamba anataka picha ya sura, si takataka. Basi nikainuka, nikaibandua ile ya wavunjaji, nikasema hii ndiyo sura yake. Waliigeuza juu chini. Mmoja akasema huyu hata mama yake hawezi kumjua. Wakaenda nayo. Nikamaliza maharagwe.

Kesho yake waliionyesha kwenye geti la bandari. Msimamizi wa wapakiaji ndiye aliyenieleza. Askari hawakutaja jina, waliuliza tu kama kuna anayemjua mtu huyu. Na wale vijana waliokula naye na kubeba naye miaka sita wakamjua hapo hapo. Wakapasuka kicheko, wakamwita Oduor aje aone alivyofanywa. Akaja mwenyewe, anacheka, anajifuta mikono kwenye suruali. Wakamwambia yeye ni Ocen. Akatoa kitambulisho, akasema yeye ni Oduor, Mjaluo wa Kenya. Wakajibu Ocen, Oduor, zote ni O. Wakampandisha gari.

Picha ile aliijua imetoka ukuta gani. Angeweza kusema. Hakusema.

Zubaida ameinua kalamu, anataka kuandika kwamba nyanya hakujua, kwamba ilikuwa bahati mbaya. Nimemwambia afute. Ukutani palikuwa na bandari, na samaki mwenye viatu, na rangi tupu. Niliacha hizo zote, nikachukua yenye mtu, kwa sababu walitaka mtu. Nilijua ni mwanao. Nilifikiri aliyevunjwa namna ile hatatambulika, lakini hayo niliyafikiri baadaye. Wakati nabandua nilifikiri Ocen tu. 

Kila Ijumaa nampelekea Oduor chakula kwenye kambi ya askari. Mara ya kwanza walipokea. Tangu hapo wanasema jina hilo halipo kwao. Bado napeleka. Sijalia, na sijui kwa nini. Napika, nafagia, nalala.

Ocen yu hai, sitasema wapi. Hajui nilichofanya. Ukitaka ajue, nitamwambia mimi mwenyewe. Usije sasa kumtafuta mwanao, watakuchukua nawe, na nani atalea watoto? Hali ikitulia, mlango wangu unaujua. Ukija kunipiga, njoo. Ukija kukaa, njoo. Zubaida anakuletea mashati mawili ya Oduor na viatu vyake vya kanisani, nimevipaka rangi.

Mtu asije akakwambia Oduor alichukuliwa kwa makosa. Alichukuliwa kwa mkono wangu.

Nisalimie majirani, nisalimie watoto wake wote wawili, umkande mdogo kifua usiku kukiwa na baridi. Mungu akushike.

Ni mimi, uliyekuwa ukiniita dada,

Adyero
(kidole gumba changu hiki hapa)