Bibi Yuko Toronto, Mjukuu Karudishwa Darajani

Mpendwa mshauri Waringa, shikamoo. Kila mwezi nasoma majibu yako kwenye jarida letu na kucheka shida za wenzangu, sasa zamu imenifikia na naomba unisaidie.

Mama yangu mzazi ametoka Musoma amekuja Toronto kwa kaka Ezekiel, viza ya huku Marekani hakupata, na mimi kutoka hapa Adelphi siwezi kumfuata kwa sababu kesi yangu ya karatasi za ukaazi bado haijaamuliwa na wakili kanionya kwamba nikivuka mpaka nisitegemee kurudi, mama ana miaka sabini na nne, moyo unamsumbua, mwenyewe anasema safari hii ndiyo ya mwisho, na hajawahi kumwona mwanangu Violet, ana miaka saba, kazaliwa hapa hapa Maryland, basi tukapanga dada yangu mkubwa Edna, mwenye grinikadi na pasipoti yake safi, ampeleke kwa gari na cheti cha kuzaliwa.

Walifika darajani kule Buffalo, afisa wa upande wa Kanada akauliza mtoto huyu ni wa nani, dada akajibu ni wangu, na kweli ni wake, si ndiye mama yake mkubwa, kamwogesha tangu ana siku tatu, lakini afisa akamgeukia Violet, "Is this your mommy?" na mtoto akajibu, "No, that's my auntie," basi ikawa balaa, wakakalishwa saa tatu nzima, ikapigwa simu nyumbani na mimi niko zamu kazini, baba yake naye yuko ghalani Landover, hakuna wa kupokea, wakarudishwa walikotoka.

Sasa dada anataka kujaribu tena wikiendi ya kwanza ya Agosti, maana mama anaondoka tarehe ishirini na tisa mwezi huo huo. Nikasema safari hii tumwandikie barua ya ruhusa, akanijia juu: "Mimi, Edna, niliyekulea Mwanza ukisoma, leo unanipa kibali kama yaya? Mtoto wa mdogo wangu ni mwanangu. Mfundishe tu huyo mtoto aseme yes!" Kweli alinilea, na sijawahi kumjibu. Na kuna aibu nyingine, mshauri, mama nimemwambia nakuja mwenyewe na Violet, mara ya kwanza tukasingizia gari limeharibika, na kila akipiga simu namwambia tuko karibu. Nifanyeje?

Mama Violet, Adelphi

*Waringa anajibu:*

Marahaba, Mama Violet. Pole kwa ugonjwa wa mama, na pole kwa mtoto aliyekalishwa saa tatu. Katika kisa chote hiki ni yeye peke yake aliyejibu swali aliloulizwa.

Kwetu sisi Edna ni mama, hakuna mjadala. Lakini yule afisa hajui mama mkubwa ni nini, na halipwi ili ajue. Alichoona ni cheti chenye jina la mwanamke mmoja mkononi mwa mwanamke mwingine anayedai mtoto ni wake. Siku mtoto wako akiibwa, Mungu apishe mbali, utaomba afisa awe mkali hivyo hivyo. Na wakitokea jirani wa kukwambia walivuka kwa leseni ya gari tu, waulize kwanza wao ni raia wa wapi.

Habari ya kumfundisha Violet uongo, ifute. Atakuwa ameusahau kabla hawajamaliza jimbo la Pennsylvania. Na Edna akikutwa anadanganya mara ya pili, hata grinikadi yake itaanza kuulizwa maswali, halafu mtakuwa wawili msioweza kusafiri.

Keti na baba Violet mwandike barua kwa Kiingereza, ukurasa mmoja. Semeni nyinyi ndio wazazi, mnamruhusu Edna, jina lake kama lilivyo kwenye pasipoti, ampeleke mtoto kwa mjomba wake Toronto, tarehe ya kwenda na ya kurudi, anwani ya Ezekiel na namba yenu ya simu. Msitie sahihi jikoni. Benki nyingi zina mtu mwenye muhuri wa kushuhudia sahihi, mkazitie mbele yake. Pigeni simu ubalozi wa Kanada muulize kama wanataka zaidi, maana mmesharudishwa mara moja, na wakili wako aisome hiyo barua. Siku ya safari mmoja wenu akae karibu na simu. Bosi akinuna, anune.

Kwa Edna usiende na karatasi mkononi kama karani. Pika, mpelekee chakula, mwamkie, kisha umwambie: "Dada, barua hii si ya kukuruhusu wewe, ni ya kumnyamazisha yule mtu wa darajani." Akikataa, mtoto asipande gari. Utalaumiwa, lakini heri lawama kuliko fedheha. Ulinyamaza miaka yote hiyo, sasa sema.

Limebaki la mama yako, na hapa nimekukasirikia. Mpigie umwambie huji, na umwambie kwa nini. Atalia, nawe utalia, na simu za mbali ni ghali, lieni hivyo hivyo. Usipomwambia, siku gari litakaposimama kwa Ezekiel, Violet atashuka mbio kumkumbatia bibi yake, na bibi atakuwa anautazama mlango wa gari, akingoja nawe ushuke.