Sahani ya Tata Kabwe

Siku ya ine, mangaribi. Mvua inanyesha tangu asubui, paseli yote, kiwanja yenye tunapanga, imekuwa matope. Roho yangu iko muzito.

Mi natoka Kongolo, mbali kule. Hapa Kolwezi niko na miezi mitano. Nabebaka mifuko ya majiwe ya kobalti ku depo, kwenye banayauzishaka, narudi, nalala. Mu paseli bananiitaka paka Mugeni. Jina yangu hakuna mwenye aliuliza. Nikifungua mudomo, batoto banachekelea vile nasemaka, basi nilizoeya kunyamaza.

Wiki mbili zimepita, nilisikia nyundo chini ya kitanda.

Ni Tata Kabwe, mwenye paseli, anachimba mu salo, chumba ya mbele ya nyumba yake. Banakatazaka kuchimba mu nyumba, lakini batu ba huku njo vile banafanyaka: banatoboa simenti, banatundika bashi, turuba kubwa, mbele ya shimo, banafungulia radio ya kanisa nguvu juu nyundo isisikike. Shimo inashuka, kisha inafwata majiwe kwenye inaenda. Hii ilipita chini ya chumba yangu.

Tata Kabwe aliniona naangalia mifuko yenye ilikuwa inatoka kwake.

— Mugeni, weye unasikiaka mingi, eh?

— Hapana, tata.

— Muzuri. Kuya tukule.

Kuya tukule. Miezi mitano hakuna mutu aliniambia ile maneno. Tangu ile siku, kila mangaribi kuko sahani yangu kwao: bukari ya unga ya mahindi, majani ya sombe, siku ingine samaki. Tata ananichekelea: « Angalieni huyu, anakula bukari sawa mutu wenye banafukuza! » Bote banacheka. Na mi nacheka. Nilisikia sawa niko mutoto wa nyumba.

Njo vile nilinyamaza.

Kuko ingine ya kusema, na inaniletea haya. Simenti yangu ilipasuka katikati. Nilivuta matela mpaka mu kona, kwenye chini bado iko nguvu. Sikuambia mutu. Na ule mupasuko unapita chini ya ukuta, unaingia kwa Mama Dorka, jirani yangu. Mutoto wake Dorka iko na miaka tatu. Analalaka chini, pale pale.

Nilijua. Nilikula.

Leo na hii mvua, mupasuko umefunguka. Kidole yangu inaingia yote. Basi nilienda kugonga kwa Mama Dorka. Mi sijuake kusema na bamama.

— Mama, chini ya mutoto kuko shimo.

Alikuwa anapepea mbabula ya makala. Hakushituka.

— Najua, mwanangu. Ulizani ni weye peke unakulaka sahani ya Tata Kabwe?

Aliendelea kupepea.

— Weye uko mugeni, utabeba begi yako utaenda. Mi na huyu mutoto tutalala wapi na hii mvua?

Na mi sina kwenye naweza kwenda. Lakini kona niko nayo. Nilimwambia alete Dorka alale pale, simenti haiyapasuka. Aliniangalia mingi, sawa mutu wenye anaona kitu mara ya kwanza. Kisha aliuliza:

— Jina yako nani?

— Ilunga.

— Aksanti, Ilunga.

Sasa Dorka amelala ku matela yangu, ameshika kiatu yake moja. Mama yake amekaa karibu na mulango. Mi niko hapa katikati, juu ya mupasuko, naandika na telefone. Kule radio ya kanisa inaimba nguvu.

Sahani imekuya. Juu ya mvua, bibi ya Tata Kabwe ameileta mpaka huku, na samaki muzima. Nimekula. Naandika vile juu ni kweli.

Chini yangu nyundo inapiga, inasimama, inapiga.

Kesho asubui nitamurudishia Tata Kabwe ile sahani mi mwenyewe. Nitasema mbele ya bote asimamishe, juu mutoto iko analala pale. Pengine atanifukuza. Pengine atacheka tu, ataniambia nikule.

Ilunga, utasema ao utakula?