Skana Yangu Tu

Mwenzio bado nina hasira.

Asubuhi nimechomoa skana kwenye chaji kama kawaida, naielekeza kwenye mistari ya msimbo ya katoni ya rafu ya juu, kimya! Mwanga wake mwekundu umefifia kama kaa linalozimika, haufiki juu. Ikabidi kila katoni niipandie ngazi, na unajua wiki hii ndiyo msimamizi anaangalia kasi yetu aamue nani abaki ghalani.

Jirani yangu wa safu ya pili anasoma katoni zake akiwa chini, hana habari.

Nikajua tu, kuna mtu ananichimba.

Nikamfuata fundi wa skana. Eti, "Tumepunguza nguvu ya mwanga ili betri idumu."

"Skana zote?"

Akaanza kujikuna shingo. Yangu tu. YANGU TU, shoga!

"Nani kakutuma unitoe kazini?"

"Hakuna, dada. Tulitaka kujaribu moja kwanza. Nikachagua yako kwa sababu wewe hulalamiki."

Eti silalamiki!

Sauti yangu unaijua ilivyo ndogo. Leo imetoka mpaka wapakiaji wakageuka: "Kaka, kunyamaza kwangu si kukubali. Irudishe ilivyokuwa, halafu wewe mwenyewe ukamwambie msimamizi kwa nini leo nimekuwa mzito!"