Kitambulisho nimekipata kwa zamu yangu

Jumatano, baada ya Isha

Nimekipata! Jumamosi nnaanza kazi hotelini Paje. Bila ya kitambulisho wangempa mwengine.

Nilishachoka na "njoo kesho" za ofisi ya vitambulisho, leo nikaenda na uongo wangu tayari. Nikamwambia yule karani mpya dirishani, "Bi Zuhura, mjomba wangu ni mkubwa wizarani."

"Mjomba ana namba ya foleni?"

"Hana."

"Wewe je?"

"Kumi na nne."

"Basi kakae, mwanangu. Tupo kumi na moja."

Watu wakacheka. Mimi, mjanja wa mtaa mzima wa Malindi, nikanywea. Nilidhani atanikomoa, lakini zamu yangu ilipofika akaniita, akatazama karatasi yangu, akanipa kitambulisho.

Mama kaniuliza nani kanisaidia. Nikamwambia hakuna, nilikaa tu kwenye kiti mpaka nikaitwa. Hajaamini mpaka sasa.